Ndege wa Kikombe cha Mrusi

Malori yanayopanda kutoka bandarini Kipevu humwaga ngano kidogo kidogo kwenye kona, na mvua ikinyesha ngano ile huvimba kando ya lami ikachacha. Wiki chache zilizopita nilipita pale nikienda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa Chaani, harufu ile ikanipanda puani, nikasimama palepale na mfuko wangu wa mboga mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Baba yangu alikuwa akinukia hivyo. Alikuwa kuli wa bandarini, akiteremka ndani ya ngama, yale matumbo ya meli za ngano, na akirudi nyumbani jioni vumbi lilikuwa limeganda kwenye nyusi zake na kwenye mikunjo ya shingo, na jasho likilowesha vumbi lile alitoa harufu ya unga uliolala. Mimi niliipenda. Nilikuwa nikimngoja mlangoni nipate kumvua viatu, kwa sababu ndani ya viatu hazikukosekana punje tatu nne ambazo niliwapa kuku wa jirani.

Siku aliyoleta kikombe, alikuja nacho kimefungwa ndani ya soksi. Meli ya Kirusi ilikuwa imekaa gatini muda mrefu, sijui ikingoja nini, na mpishi wake alikuwa na jino lililomtesa. Baba alimwona kashika shavu siku mbili mfululizo. Siku ya tatu akampelekea karafuu ndani ya karatasi, akamwonyesha kwa vidole namna ya kuitafuna na kuishindilia jinoni. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza. Lakini jino lilitulia, na siku meli ilipoondoka yule mpishi alimtafuta baba katikati ya makuli wote akamtia ile soksi mkononi.

Kilikuwa kikombe kidogo, kimo chake hakizidi kidole cha shahada, chepesi, cha shaba iliyopakwa ile rangi ya kuchomwa inayong'aa, kama ya mabakuli ya bati ya bibi zetu lakini laini zaidi. Ndani kilikuwa cheupe kama jicho. Nje kilikuwa buluu, na juu ya buluu palikuwa na duara tatu zilizozungushiwa mstari wa dhahabu, na ndani ya kila duara picha, na chini ya kila picha maandishi. Herufi nyingine tulizifahamu, nyingine zilikuwa zimegeuka kisogo. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, ndio kwanza nimejua kusoma, na nilikasirika sana kuona herufi zinazonikataa.

Baba alikaa kwenye mkeka akatugeuzia kikombe polepole. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyelala chini ya mti, kiatu kimoja mguuni kimoja kando, mtungi umemwagika, na mbuzi anaila kofia yake.

"Huyu ni mlevi," baba alisema. "Yule mpishi alinionyesha. Alijifanya anakunywa, akajifanya anayumba, kisha akanitikisia kidole."

Picha ya pili ilikuwa mkono unaotoka mawinguni, umeshika mizani. Hiyo haikuhitaji kuelezwa, sisi watu wa kanisani tuliijua wenyewe. Picha ya tatu ilikuwa ndege mkubwa mweupe, mdomo mrefu kama mfuko, mbawa amezitandaza juu ya kiota, na chini yake makinda matatu yamepanua vinywa. Kifua cha ndege kilikuwa na doa jekundu, na matone mekundu yalishuka kutoka kwenye doa lile hadi vinywani mwa makinda.

"Na huyu?" mama aliuliza.

"Huyu sikumwelewa. Alijigonga kifuani hivi, halafu akaonyesha watoto, huyu mdogo, huyu mkubwa. Nadhani alikuwa akiwakumbuka watoto wake." Baba akacheka kidogo. "Lakini zote ni maonyo. Wenzetu wanaonyana kwa vikombe. Ukiinua unywe, aliyekaa mbele yako anaisoma picha. Ukiteremsha, unaisoma wewe."

Neno hilo la maonyo lilinikaa. Mtoto wa miaka saba akiambiwa jambo na baba yake anayenukia ngano, hana pa kulipeleka ila kuliamini.

Kikombe kiliwekwa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, na kilipewa kazi moja tu. Kilikuwa cha kumezea dawa cha dada yangu Mbeyu.

Mbeyu alinizidi miaka minne. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, huu ambao siku hizi unaitwa selimundu, lakini nyumbani kwetu hatukuwa na jina hilo. Tulisema mifupa. "Leo mifupa ya Mbeyu imeamka," mama angesema, nasi tukajua kwamba hakuna redio, hakuna kukimbia ukumbini, na kwamba ile chupa ya maji ya moto itazunguka kutoka goti hadi goti. Ikizidi, alipelekwa hospitali kisiwani, na huko mara nyingine aliongezwa damu. Ikipungua, alirudi akawa Mbeyu wangu yuleyule, mrembo, mwembamba, bingwa wa kusuka na wa kuiga sauti za watu. Aliweza kumwiga katekista wetu mpaka mama akajificha jikoni asionekane akicheka.

Nilimpenda, na nilimwonea wivu. Nataka niseme hilo wazi, kwa kuwa wengi wetu tuliokua na ndugu mgonjwa tumelificha miaka mingi. Yai lilikuwa la Mbeyu. Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa cha Mbeyu. Kikombe cha Mrusi kilikuwa cha Mbeyu, asubuhi na jioni, pamoja na vidonge vyake, na mimi nilisimama mbele yake nikimtazama akiinua, na kila alipoinua mimi nilisoma picha iliyonielekea. Nilimwomba mama ninywe japo maji. Akasema, "Hicho cha mgonjwa, mwanangu. Mshukuru Mungu hakikuhusu." Sikushukuru. Nilikwenda uani nikajaribu kukohoa.

Mama alikuwa akipika mahamri na mbaazi akiuza karibu na lango la kiwanda kimoja huko Changamwe, akitoka alfajiri na kurudi alasiri. Kila Mbeyu alipoongezwa damu, hospitali ilitaka jamaa watoe nyingine badala yake. Baba alipimwa wakamkataa, kwa sababu ya homa ya ini aliyougua ujanani. Basi akawa anatoa mama. Alirudi na kipande cha pamba kimebandikwa kwenye kiwiko cha ndani, na ndani ya mkoba wake soda moja na pakiti ndogo ya biskuti, vile wanavyopewa watoaji. Hakula yeye. Alinipa mimi. Kwa muda mrefu nilidhani damu ni mahali, kwamba kuna duka linaitwa Damu ambako mama alikwenda akaniletea biskuti. Siku moja nilimwuliza, "Mama, kesho utakwenda kutoa damu tena?" kwa hamu, nikiwa na makombo midomoni. Alinitazama, akanifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

Mwaka ule mifupa iliamka mara nyingi. Mama alitoa damu, na kabla hajapata nguvu sawasawa akarudi kwenye karai lake. Asubuhi moja ya Jumapili alikuwa uani anainua ndoo ya maji, akaiweka chini, akaketi juu ya sakafu yenye maji akiwa na gauni lake la kanisani. Jirani yetu Mama Achieng, mama wa watu wa bara, mwenye roho safi na sauti kubwa, ndiye aliyemshika. Alimwegemeza ukutani, akampa chai yenye sukari nyingi, akamkemea.

"Mama Mbeyu, hawa watoto watakumaliza. Unatoa damu, unabeba maji, unapika, wewe ni mashine? Wanakukula ukiwa hai."

Mama alitabasamu tu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliyasikia maneno yale, na miguu yangu ikanipeleka ndani hadi kwenye kabati. Nilifungua kioo, nikakitoa kikombe, nikamgeuza yule ndege. Na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Mdomo wake ulikuwa umeelekea kifuani pake mwenyewe. Alikuwa akijaribu kuwaondoa. Makinda yalikuwa yamemtoboa kifua na yalikuwa yanamla, na yeye hawezi kuruka kwa sababu ni watoto wake. Hilo ndilo onyo. Mrusi alijigonga kifuani, akawaonyesha watoto, na baba hakuelewa, lakini mimi nimeelewa.

Sikumwambia mtu siku ile. Laiti ningemwambia mama, angenisahihisha kwa neno moja. Niliyaweka ndani kama mtoto anavyoweka punje ya harage puani, mpaka siku ya ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kitoto. Nilikuwa nimerudi shule kabla yake, nikakitoa kikombe, nikakijaza maji, nikanywa. Nilikuwa nikinywa mara ya pili Mbeyu alipoingia.

"Kiweke," alisema. "Hicho si chako."

"Nami naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Mwongo. Lete hapa."

Alinipokonya, maji yakanimwagikia kwenye sare. Nikasema nililosema kwa sababu nilikuwa mdogo, nimelowa, na sikuwa na silaha nyingine.

"Mwone huyo," nikamwonyesha ndege. "Huyo ni mama. Na hao ni wewe. Unamla mama."

Mbeyu alikishusha kikombe. "Sema tena."

Nikasema tena, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Nani amekwambia?"

"Mama Achieng amesema mama analiwa akiwa hai. Na kikombe pia kinasema. Baba alisema picha ni maonyo."

Alikwenda nacho dirishani. Alikigeuza, akakigeuza. Kisha akakisuuza, akakifuta, akakirudisha nyuma ya kioo mahali pake. Jioni ile alimeza vidonge vyake kwa kikombe cha plastiki. Mama alipouliza, alisema hicho cha Mrusi maji yake hayatoshi. Nilidhani nimeshinda. Nilingoja nipewe mimi, sikupewa.

Masika yalipoingia, baridi ikaingia pamoja nayo, na baridi ilikuwa adui wa mifupa ya Mbeyu. Asubuhi moja tukienda shule alisimama kabla ya reli, akashika muundi wa mguu wake kama mtu anayetaka kuuvunja.

"Nikikwambia jambo utaweza kunyamaza?"

"Nitaweza."

"Mifupa imeamka. Tangu jana. Lakini mama hatumwambii."

"Kwa nini?"

"Akijua tutakwenda hospitali. Tukienda hospitali watamtoa damu. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

Nilijiona mkubwa. Dada yangu, aliyekuwa darasa la tano, amenishirikisha siri, na siri yenyewe ni ya kumwokoa mama. Nilimpa mkono, naye akaushika, tukavuka reli.

Tulikuwa na alasiri zetu, ile saa moja na nusu kati ya sisi kurudi shule na mama kurudi kutoka langoni. Mbeyu alilala sakafuni kwenye saruji, akaweka pindo la leso mdomoni akaling'ata. Mimi nilichemsha maji kwenye jiko la mafuta taa, jambo nililokatazwa, nikayatia chupani, nikaipitisha miguuni mwake kama nilivyomwona mama akifanya. Akizidiwa, alitoa sauti ndogo ya puani ambayo sitaki kuieleza. Ukuta wetu na wa Mama Achieng ulikuwa mmoja. Kwa hiyo alinifundisha: "Soma." Nikachukua kitabu changu cha kusomea cha darasa la kwanza nikasoma kwa sauti ya juu, ukurasa baada ya ukurasa, kuku ana mayai, baba ana jembe, na sauti yake ikipanda mimi nilipandisha yangu. Siku moja Mama Achieng alimwambia mama uani, "Huyu wako mdogo anasoma kweli, atakuwa mwalimu," na mama alifurahi sana. Jioni ile alinipa hamri lililobaki, bado lina joto.

Chakula hakikumshuka Mbeyu. Alinisogezea sahani yake mama akigeuka, nami nikala. Mama akiuliza, "Dada yako amekula?" nilisema amekula, na sahani tupu ilikuwa shahidi. Macho yake yakaanza kuwa manjano, viganja vikapauka. Jioni moja mama alimshika kidevu akamgeuzia mlangoni penye mwanga.

"Hebu nione macho hayo."

"Vumbi la shule, mama. Niliyasugua."

Mama alimtazama. Kisha akamwachia, akarudi kwenye unga wake.

Zilikuwa siku tisa. Nilizihesabu baadaye kwa kurasa za kitabu.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa uani anafua, baba yuko kazini. Mbeyu alikuwa akichota maji kutoka pipani kwa kopo, na mkono wake wa kulia ukaliachia kopo. Aliutazama ule mkono kwa mshangao, kama mkono wa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Kisha akanigeukia aniambie neno, mdomo wake ukaenda upande mmoja.

Nilicheka. Nilidhani anaiga mtu. Alikuwa bingwa wa kuiga, na ilikuwa siku nyingi hajaiga. Nilipindisha na mimi mdomo wangu, nikamrudishia uso uleule, nikingoja acheke. Ndipo akaanguka.

Mume wa Mama Achieng alikuwa dereva wa lori, na kwa bahati siku ile alikuwa nyumbani na kichwa cha lori tu, hakina kontena. Tulipandishwa mle juu, mama amempakata Mbeyu aliyemzidi urefu wa mapaja, mimi nimebanwa mlangoni. Nakumbuka tulikwenda kasi na kwamba kutoka juu kule niliona mapaa ya mji wote, na sehemu ndogo ya moyo wangu ilifurahia, na hilo nalo sijajisamehe.

Hospitalini walimlaza, wakamwekea mipira. Daktari kijana aliuliza maswali huku anaandika.

"Maumivu yalianza lini?"

"Hakuwa na maumivu," mama alisema. "Jana alikuwa mzima. Alikula. Alikwenda shule."

Daktari alitazama macho ya Mbeyu, akatazama viganja, akamtazama mama. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani, aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Na wewe, mdogo wake. Dada hakukwambia kwamba anaumwa?"

Mama alikuwa ameshakunja mkono wa gauni. Hakuna aliyemwambia akunje. Alikunja mwenyewe, kiwiko kimetazama juu, tayari. Niliutazama mkono ule.

"Hakusema," nilijibu.

Muuguzi akasimama. Mama akamwendea na mkono wake vilevile umekunjwa. "Nichukueni mimi. Zote mnazotaka." Yule muuguzi akamshika begani, akamkalisha kwenye benchi, na maneno aliyomwambia niliyasikia yote kwa sababu nilikuwa nimemshika mama kanga.

"Mama, wewe umetoa juzi, hatuwezi. Na usijiumize moyo kwa hilo. Damu yako haiendi kwake hata ukitoa. Wewe na baba yake mnaubeba ugonjwa huu nusunusu, damu yako hatumpi yeye. Tunampa mgonjwa mwingine, na yeye anapata ya mtu mwingine. Zile zote ulizotoa ziliwasaidia watu wengine."

Mama aliitikia kwa kichwa tu, sidhani alisikia. Mimi nilisikia. Nilikuwa na miaka saba na sikujua kubeba nusunusu ni nini, lakini nilielewa kwamba Mbeyu hakuwahi kumla mama, hata tone moja. Nilitaka kumkimbilia nimwambie. Nilikwenda hadi kwenye pazia la kitanda chake. Alikuwa amefumba macho, na mdomo wake bado uko upande.

Damu ilipatikana. Makuli watano walikuja na baba moja kwa moja kutoka melini, vumbi la ngano mwilini, wakajipanga ukutani wameshika kofia zao. Mbeyu hakufa. Watu walituambia tushukuru, tukashukuru. Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, kiharusi kimemwacha mguu wa kulia ukiburuta, mkono wa kulia umejikunja kifuani, na maneno yake yamebaki machache. Mengine yalitoka nusu. Sauti za kuiga hazikurudi.

Katekista alikuja kumwombea. Alipomaliza aliona kikombe nyuma ya kioo, akaomba akitazame, akafurahi kama aliyekutana na rafiki. "Huyu ni mwari," alisema. "Ndege huyu wazee wa kanisa walimtumia kufundishia. Walisimulia kwamba njaa ikiingia, hujitoboa kifua mwenyewe awanyweshe wanawe damu yake wasife. Ni mfano wa Bwana wetu. Ni picha ya upendo, hii." Baba alisema kumbe, kumbe ndiyo maana yule mpishi alijigonga kifua. Wote wakakitazama kikombe kwa heshima. Mbeyu alikuwa kitandani pake, ananitazama mimi. Sijui alikuwa akiwaza nini. Nilitoka nje nikakaa karibu na pipa la maji mpaka yule mgeni alipokwenda zake.

Mbeyu hakuweza tena kukishika kikombe kile, kilikuwa kidogo mno kwa mkono wake wa kushoto uliokuwa unajifunza upya. Alinywea mrija. Kikombe kilibaki kabatini miaka kadhaa, na tulipohama kwenda Utange kilipotea pamoja na vijiko na saa ya ukutani. Hakuna aliyekiulizia.

Kilichobaki ni neno moja la mama. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila mgeni anayekuja kumwona Mbeyu, awe jamaa wa Mariakani, awe mama wa jumuiya ya kanisani, mama humwambia lilelile, kwa sauti ileile ya chini: "Nililala naye chumba kimoja, na sikuona." Wageni humfariji. Nami hutoka nje. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, nikarudi kukaa nyumba ya tatu kutoka kwao ili nisaidie, na bado kila nikisikia sentensi ile hutafuta kazi ya kufanya uani.

Baada ya harufu ile ya ngano pale kwenye kona sikuweza tena kulificha. Nilikwenda kwao alasiri moja. Baba alikuwa amelala, Mbeyu yuko barazani kwenye kiti chake. Mama alikuwa ukumbini anachambua mchele kwenye sinia, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia, nikaketi mkekani mbele yake, nikamwambia yote. Ndege, na maneno ya Mama Achieng, na ugomvi wa kikombe, na ahadi ya pale kwenye reli, na chupa ya maji ya moto, na kitabu nilichokuwa nikisoma kwa sauti, na sahani nilizokula, na jibu nililompa muuguzi. Nilisema haraka, bila kuinua macho. Vidole vyake viliendelea kusogeza punje.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza nilipomaliza.

"Saba."

"Basi."

"Si basi, mama. Umejilaumu miaka yote hii kwamba hukuona. Hukuona kwa sababu tulikuficha. Ni mimi."

Alitoa chuya moja, akaitupa. Akatoa nyingine. Kisha akaiweka sinia chini.

"Niliona," alisema.

Sikumwelewa.

"Macho yake. Jioni ile nilipomgeuzia mlangoni, niliona manjano. Nimemzaa mimi, ningeachaje kuona? Na usomaji wako ule, nilirudi mapema siku moja nikausikia kutoka barabarani, nikasikia na kilichokuwa chini yake. Nilisimama nje pale. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Sijui nikwambieje nilivyokuwa nimechoka. Nikasema acha nimalize wiki hii, nipumzike Jumapili, Jumatatu nitampeleka. Nikajitia nimeamini lile vumbi."

"Mama..."

"Watu nawaambia sikuona kwa sababu hilo linasemeka."

Nilikuwa nimekuja nimebeba langu nikidhani nikilitua pale litamtoshea yeye pia, na sasa nimekaa mbele yake mikono mitupu. Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyechoka hana kosa, kama alivyoniambia yeye kwamba mtoto wa miaka saba hana kosa, lakini nilijua halitaingia, kwa kuwa lake kwangu halikuingia. Aliinua miwani, akajifuta kwa kiganja. Hakulia. Akasema tu, kwa sauti ya kazi, "Baba yako asiyasikie haya."

"Hatayasikia."

Barazani Mbeyu akaita. Huita "Ma," na nyumba nzima inajua kwa namna ya kuita kama anataka maji au anataka kwenda msalani. Ilikuwa ya msalani. Tuliinuka pamoja. Nilijaribu kuwahi upande wa kulia, ule mzito, usiojibeba, kwa kuwa mama ana zaidi ya miaka sabini na magoti yake yanamsumbua. Alinisukuma kando kwa kiwiko, akaingiza bega lake chini ya kwapa la mwanawe, akanielekeza kwa kidevu nishike kule kwingine.

"Moja, mbili, tatu," alisema mama, tukamwinua.